Boti Inajaa Maji Gatini: Maswali ya Wasomaji kwa Bi Fundi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: boti imefungwa vizuri gatini, maji yametulia, na bado inazama. Asiyeshughulika na vyombo hushangaa. Kampuni za bima za boti nchini Marekani zimesema kwa miaka mingi kwamba boti za starehe zinazozama zikiwa zimefungwa ni nyingi kuliko zinazozama zikiwa safarini. Kwetu sisi mafundi hilo si geni. Safarini kuna mtu ndani, anasikia sauti ya maji na kuhisi chombo kimekuwa kizito. Gatini hakuna mtu. Kwa hiyo anayeiona boti ikizama mara nyingi ni jirani, na jirani huyo ndiye ninayemjibu leo.

Swali: Shikamoo Bi Fundi. Alfajiri moja tulikuta boti ya mwenzetu aliyesafiri imelala tezi, yaani upande wa nyuma, maji yamefunika sakafu ya ndani, na waya wa umeme wa gati bado umechomekwa. Boti ni ya faiba, injini ni ya petroli. Tuliruka ndani watu watano na ndoo. Tulifua maji hadi mikono ikafa ganzi. Yalipungua, kisha yakaongezeka tena. Mwishowe mmoja wetu akaona mpira umechomoka chini ya sinki. Boti ilipona, lakini hadi leo tunabishana: tulipaswa kuanza na nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nashukuru boti ilipona, na nashukuru zaidi kwamba ninyi watano mlitoka salama, kwa sababu mliingia mahali penye hatari mbili za kuua.

Ya kwanza ni huo waya. Boti iliyojaa maji huku umeme wa gati umewashwa inaweza kuvujisha umeme kwenye maji ya ndani na ya nje. Zima kwanza swichi ya kwenye nguzo ya gati, ndipo uchomoe waya, na ufanye hivyo ukiwa umesimama pakavu. Mtu asiingie majini kuangalia bodi, yaani mwili wa chombo, kabla ya hapo. Kwenye maziwa na mito hatari ni kubwa zaidi kuliko baharini, kwa kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupitisha umeme kwa shida, na mwili wa binadamu unakuwa njia rahisi kuliko maji yenyewe. Misuli hukaza, mtu anashindwa kuogelea, na walio juu wanadhani amezama kwa uchovu. Maji ya chumvi hupunguza hatari hiyo, hayaiondoi.

Ya pili ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, hapo hapo penye pampu na waya. Ukisikia harufu yake, fungua milango na vifuniko vyote, watu watoke, na mtu asiguse swichi yoyote, hata ya taa, wala asichomoe nyaya za betri, maana cheche moja inatosha. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, inayofanana na ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, hiyo ni betri iliyozama kwenye maji ya chumvi na kutoa gesi ya klorini. Hapo pia hapaingiliki mpaka hewa ipite.

Baada ya hayo mawili, hesabuni watu. Watano mliosimama tezi kwenye boti iliyokwisha kulala tezi mliisukuma chini zaidi. Maji yaliyo huru ndani ya chombo hukimbilia upande unaoinama, uzito wake ukaongeza mwinamo, na mwinamo ukayavuta maji mengine. Waingie wawili wenye uzito mdogo, wakae katikati, wavae maboya ya kujiokolea. Wengine wabaki gatini kupokea ndoo, kushika kamba na kupiga simu kwa mwenye boti na kwa msimamizi wa gati.

Sasa nije kwenye ubishi wenu. Mlianza na ndoo. Mngeanza na tundu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona vyombo vizuri vikipotea huku watu wema wakifua maji kwa juhudi zote. Tundu lenye kipenyo cha sentimita 2.5, likiwa sentimita 60 chini ya mstari wa maji, huingiza takriban lita 60 hadi 100 kwa dakika, kutegemea umbo la kingo zake. Katika dakika kumi mna kati ya lita 600 na tani nzima. Kipenyo kikiwa sentimita 5, zidisha mara nne. Ndoo ya lita 10 kwenye mikono yenye nguvu inatoa maji mengi, lakini kwa dakika chache tu. Na kule kupungua kisha kuongezeka mlikokuona kuna sababu yake: maji ya ndani yakishalifunika tundu, tofauti ya kina kati ya ndani na nje hupungua na maji huingia polepole zaidi. Mkiyafua, tofauti inarudi na kasi inarudi.

Kwa hiyo, kabla hamjajua tundu liko wapi, fungeni koki zote zilizo kwenye bodi: ya sinki, ya choo, ya maji ya kupozea injini. Kama ni mpira uliochomoka, mmemaliza kazi bila kuutafuta. Koki ikiwa imeganda, usiilazimishe kwa nyundo, maana shaba iliyoliwa na chumvi hukatika shingoni na kukuachia tundu lililo wazi kabisa. Badala yake ziba mdomo wa mpira au wa koki yenyewe kwa kizibo cha mti laini kilichochongwa kama koni. Mti laini ukilowa huvimba na kukaza. Mimi hukifunga kizibo cha kila koki kwa uzi palepale ilipo, kwa sababu kizibo kilichomo kwenye sanduku la vifaa chini ya maji machafu hakipatikani. Kama hakuna, kitambaa kilichoviringishwa ndani ya mfuko wa plastiki na kusokomezwa kwa nguvu kitapunguza sehemu kubwa.

Kama ni ufa kwenye bodi na hamfiki kwa ndani, fanyeni kazi kwa nje. Maji yanasukuma kuelekea ndani, yatumieni. Mwaka 1770 meli ya James Cook, Endeavour, ilipasuliwa na matumbawe kwenye pwani ya mashariki ya Australia. Kijana mmoja wa mafunzo ya ubaharia, Jonathan Monkhouse, aliwahi kuona jambo hili likifanyika kwenye meli nyingine, na Cook akamwachia alisimamie. Walishonea nyuzi za kalafati, zile za kuzibia viungo vya mbao, na sufu kwenye tanga, wakalivuta kwa kamba chini ya meli mpaka likafika penye ufa, na maji yakalinyonya na kulibana hapo. Pampu tatu zilikuwa zimeelemewa. Baada ya tanga, pampu moja ilitosha. Gatini turubai zito lenye kamba kwenye pembe nne linafanya kazi hiyo hiyo. Mmoja anashika kamba omo, yaani mbele, mwingine tezi, mnalishusha na kulitelezesha ubavuni mpaka msikie maji yamebadilika sauti ndani.

Pampu inakuja hapo. Ikiwa ni ya injini ya petroli, ikae juu ya gati, moshi wake ukielekea mbali na watu, wala isishushwe ndani ya boti. Na mkiona mafuta yanaelea kwenye maji mnayotoa, yatieni kwenye mapipa. Msiyamwage majini.

Ikishindikana, msijaribu kuining'iniza boti kwa kamba za gati. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina zaidi ya kilo 1,000, na vyuma vya kufungia kamba vikingʼoka huruka kwa kasi ya kuvunja mfupa. Kama kuna mchanga au tope la kina kifupi karibu, ivuteni huko mapema, ingali inaelea, ikakae chini kwa utaratibu. Boti iliyokaa mchangani na maji kiunoni inatengenezeka.

Swali: Bi Fundi, boti yangu ina pampu inayojiwasha yenyewe na betri mpya ya saa-ampea 100. Jirani yangu ananisumbua kila siku niikague. Je, haitoshi?

Jibu: Haitoshi, na huyo jirani ni mtu wa kumshukuru.

Pampu ndogo iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa ilipimwa ikitoa maji bila kuyapandisha. Ikiunganishwa na mpira mrefu wenye kona, betri ikiwa imechoka kidogo, utapata labda nusu yake. Hata ile 1,900 kamili ni kama lita 32 tu kwa dakika. Rudi kwenye tundu la sentimita 2.5 hapo juu uone. Pampu ya kujiwasha imewekwa kwa ajili ya matone na mvua. Kazi yake kwenye tundu ni kuchelewesha tu.

Betri nayo: pampu inayokula ampea 3 ingemaliza betri yako kwa saa 33 hivi kwenye karatasi. Betri ya kawaida ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa 16. Mvujo ulioanza Ijumaa jioni unakuwa umeishinda betri kabla ya Jumamosi adhuhuri, na mwenye boti anakuja Jumapili.

Mwaga ndoo ya maji kwenye ngama na usubiri. Swichi ya kuelea inyanyuke yenyewe na pampu iwake bila wewe kugusa kitu. Nywele, vipande vya plastiki na nyuzi za matambara ndivyo ninavyovitoa mara nyingi kwenye pampu zilizokufa. Kisha tazama mahali mpira wa pampu unapotokea nje. Kama ni karibu na mstari wa maji, siku boti ikiwa nzito tundu hilo litazama, na pampu ikisimama maji yatarudi ndani kupitia mpira huo huo. Mpira upande juu kabisa ndani ya boti kabla ya kushuka kutoka nje, na juu ya kilele chake pawe na kitundu cha kuingiza hewa. Vali ya kuzuia maji kurudi isiwe kinga yako pekee, kwa sababu uchafu ukiishika inabaki wazi au inaziba kabisa.

Na weka king'ora au taa ya nje inayowaka maji yakizidi kiwango. Kisha mwambie jirani yako taa hiyo ina maana gani na ufunguo uko wapi. Nimeona taa nyekundu ikiwaka usiku kucha, watu wakipita kando yake, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa.

Swali: Shikamoo mama. Mashua ya mbao ya rafiki yangu ilikaa nchi kavu muda mrefu. Tumeishusha majini jana na inavuja karibu kila kiungo. Watu gatini wanamwambia aipandishe haraka, agongee kalafati mpya kila mahali. Nimshauri nini?

Jibu: Marahaba. Mwambie aweke nyundo chini kwanza.

Mbao zilizokauka husinyaa na viungo vyake hufunguka. Zikirudi majini hunyonya na kuvimba, na viungo hujifunga vyenyewe. Kwa vyombo vingine ni saa kadhaa, kwa vingine ni siku kadhaa. Kalafati ikigongewa kwa nguvu kwenye viungo vilivyo wazi kwa ukavu, mbao zikivimba zinakosa nafasi. Zinasukumana hadi misumari inalegea na mataruma, yaani mbavu za chombo, yanapasuka. Nimewahi kuletewa chombo kilichoharibiwa hivyo na watu waliokuwa wanataka kukisaidia, na kazi ya kubadilisha mataruma ni kubwa kuliko kuvumilia siku mbili za kufua maji.

Hizo siku ndizo rafiki yako anahitaji watu. Gaweni zamu, usiku na mchana, pampu mbili zenye vyanzo tofauti vya umeme, na kila mwenye zamu aandike kwa chaki kwenye taruma kiwango cha maji na saa. Alama zikionyesha maji yanaingia polepole kadiri saa zinavyopita, mbao zinafanya kazi yake. Zisipobadilika, au mvujo umejikusanya mahali pamoja tu, basi hapo kuna tatizo jingine: ubao uliooza, msumari uliong'oka, au kalafati iliyotoka. Hapo ndipo chombo kipandishwe.

Kuna mbinu ya wazee wa kazi ninayoitumia hadi leo. Chukua vumbi laini la mbao kwenye ndoo, lizamishe kwa fito ndefu hadi chini ya bodi na kuligeuza hapo. Vumbi linapoelea kupanda juu, maji yanayoingia kwenye viungo hulivuta na kulinasa. Linatuliza mvujo mpaka mbao zivimbe. Na safari ijayo, kabla ya kuishusha mashua, ailowanishe kwa ndani kwa magunia ya maji siku kadhaa.

Swali: Kwenye boti ya jirani yangu maji yanadondoka pale shafti ya rafadha, yaani pangaboi la kusukuma chombo, inapopita. Nilitaka kumkazia nati mpaka pakauke. Ni sawa?

Jibu: Hapana, uliza kwanza ni glandi ya aina gani, yaani kile kizuizi cha maji pale shafti inapopita. Ile ya zamani yenye nyuzi za pakingi inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, kwa sababu matone hayo ndiyo yanayoipoza. Ikikazwa hadi pakauke, inachemka na kuichimba shafti. Boti ikiwa imesimama, matone yakome au yakaribie kukoma. Aina mpya za kuziba kwa uso kwa uso hazipaswi kudondosha kabisa. Zikidondosha, aite fundi wake.

Swali: Bi Fundi, jirani yetu mzee ana boti ya wazi. Kila mvua kubwa ikinyesha tunaikuta imejaa. Anasema ni mvua tu, haina madhara.

Jibu: Mheshimuni, lakini mpeni hesabu. Boti ya mita 6 kwa 2 ikipigwa na mvua ya milimita 50 hupokea lita 600, yaani kilo 600. Uzito huo huenda tezi kwenye injini. Matundu ya kutolea maji ya sitaha, yaliyokuwa juu kidogo ya mstari wa maji, yanazama, na tangu hapo si mvua tena inayoijaza. Mara nyingi chanzo ni majani yaliyoziba matundu hayo. Mtu mmoja kati yenu ayazibue kila wiki kwa kijiti, na mumsaidie kuweka turubai lenye mgongo wa kumwaga maji pembeni. Turubai lililolegea hutengeneza dimbwi, kisha huchanika na kumwaga lote kwa mara moja.

Swali: Nikiona boti ya mtu asiyependa kuguswa inazama, naruhusiwa kuingia?

Jibu: Sheria na kanuni za gati hutofautiana, kwa hiyo malizeni jambo hili kabla halijatokea. Andikeni karatasi moja fupi kwa kila boti: namba za simu za mwenyewe na za mtu wa pili, ruhusa ya kuingia maji yakionekana, mahali koki zilipo, mahali betri inapozimwa, aina ya mafuta. Nakala ikae kwa msimamizi. Anayekataa kutoa ruhusa, akubali basi kuandika nani aitwe.

Kuhusu malipo, ambayo huwa yanaleta ugomvi baadaye, Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa mwaka 1989 unasema kwamba huduma iliyotolewa licha ya mwenye chombo kuikataza waziwazi na kwa sababu za maana haistahili malipo. Mkataba huo huo unamwajibisha kila nahodha kumsaidia mtu aliye katika hatari ya kupotea baharini, ilimradi asihatarishe vibaya chombo chake na watu waliomo. Mtu akiwa ndani ya boti inayozama, usisubiri karatasi. Kama ni mali tupu na mwenyewe amekukataza, piga picha, mpigie simu tena mbele ya msimamizi, na ukae karibu na kamba.

Swali: Tumesaidia kuinua boti ndogo iliyozama usiku. Mwenyewe anataka kuwasha injini ya nje mara moja ili "aikaushe". Tumkubalie?

Jibu: Mzuieni kwa upole lakini mzuieni. Maji hayabanwi. Yakiwa ndani ya silinda na injini ikazungushwa kwa nguvu, kinachopinda ni vyuma vya pistoni.

Ioshwe yote kwa maji baridi safi, plagi zitolewe, injini ilazwe ili matundu ya plagi yatazame chini, izungushwe kwa mkono polepole mpaka maji yaishe, kisha mafuta yapuliziwe kwenye silinda. Petroli ya kwenye mipira na kabureta imwagwe kwenye chombo, na kama ni ya mipigo minne, oili ibadilishwe, iwashwe kwa muda mfupi, ibadilishwe tena mpaka isiwe na weupe wa maji. Yote haya yafanyike siku hiyo hiyo. Chumvi na hewa vikikutana kwenye chuma chenye unyevu, kutu huanza ndani ya saa chache.

Kwa hiyo, kama fundi hajapatikana leo, iosheni kisha muizamishe kwenye pipa la maji baridi mpaka afike. Na wengine mnaosoma haya huku injini bado iko chini ya maji pamoja na boti, pangeni kwanza na fundi saa ya kuja, ndipo muitoe.